Ukurasa wa Pili wa Daftari la Kabula

Je, kweli ya darasani na kweli ya nyumbani ni moja, au ni mbili? Swali hili niliulizwa na msichana wa darasa la saba, saa kumi jioni, mlangoni pa nyumba yangu, mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo kama tulivyowafundisha kusimama mbele ya mkubwa. Sikumjibu. Nimefanya kazi karibu miaka thelathini baada ya jioni ile, nimeshiriki kuandika vitabu vya maadili ambavyo watoto wangali wanavisoma, na mpaka leo sina jibu ambalo ningethubutu kumpa.

Nimestaafu kwa hiari mwezi Juni, nikiwa na miaka hamsini na mitano. Ninyi vijana mliobaki katika kitengo cha vitabu mliniomba niwaandikie kumbukumbu za mradi wa maji, kwa kuwa mnakusudia kuufufua. Habari za vyeo nitaziacha. Vilikuja kama mvi, bila kushauriana nami. Nitaandika zaidi habari za miaka ya mwanzo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi, na ndiyo ninayoiogopa.

Nilifika Mwanza kwa treni, nikiwa na shahada mpya na sanduku la bati. Nimezaliwa Kanyigo, katika migomba na mvua isiyojua kuomba ruhusa, na sikuwahi kufikiri kwamba maji ni jambo la kufikiria. Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo kila kitu kilikuwa kimeuzwa au kinasubiri mnunuzi. Viwanda vya Nyakato vilikuwa vinapunguza wafanyakazi, na neno “kupunguzwa” lilitamkwa majumbani kwa sauti ile ile iliyotumika kutaja msiba. Huduma tulizokulia nazo bure zilikuwa zimeanza “kuchangiwa”. Mashuleni, badala ya madawati, tuliletewa miradi.

Wa kwetu ulikuwa mradi wa kuwafundisha watoto utu kwa njia ya maji: ukweli, haki, ukarimu, kujizuia. Wenye shahada hawakupelekwa shule za msingi siku hizo, lakini wafadhili walitaka msomi mmoja akae na watoto ajaribu masomo kabla hayajaandikwa rasmi. Nikapangiwa shule moja upande wa Mabatini, iliyojengwa juu ya miamba, nyumba za walimu zikiwa nyuma yake. Dirishani mwa darasa la saba ziwa lilionekana lote, jeupe wakati wa mchana, na kandokando yake utepe wa kijani wa magugu maji uliokuwa ukipanuka kila mwezi. Bombani mwa shule maji yalitoka Jumanne na Alhamisi, yalipojisikia. Siku nyingine bomba lilitoa hewa, nayo ilipiga mluzi.

Siku yangu ya kwanza darasani niliingia na kitabu cha mwalimu kilichochapwa kwenye karatasi ya kung'aa. Somo la kwanza lilikuwa na picha ya mtoto anayepiga mswaki mbele ya sinki, bomba likiwa wazi. Mwalimu awaulize wanafunzi kosa liko wapi. Niliwauliza. Walitazama picha kwa adabu. Mwishowe mvulana mmoja akanyoosha mkono, akasema kosa ni kwamba mtoto yule anatema mate ndani ya nyumba.

Aliyenitoa katika aibu ile alikuwa Mzee Bwire, Mjita, mwalimu wa sayansi aliyekuwa amekaa shuleni pale kabla ya baadhi ya kuta. Alinisubiri nje, akacheka kwa pua.

“Mwalimu wa shahada,” akaniambia, “hawa unawaambia wafunge bomba. Kwanza wape bomba.”

Tangu siku ile nilikuwa mwanafunzi wake. Kitabu tulikifungia kabatini, tukakitoa wageni walipokuja tu. Vifaa vyetu vikawa ndoo ya plastiki iliyotobolewa kwa msumari, kopo la mafuta ya kupikia, mchanga, mkaa, kokoto, na saa ya mkono ya Mzee Bwire, ambayo ilichelewa dakika nne kila siku na ambayo yeye aliiamini kuliko redio. Alinifundisha kuweka kopo chini ya bomba linalovuja na kuwaacha watoto walitazame kipindi kizima bila kuwaambia neno. Alinifundisha pia kwamba mwalimu anayeshindwa kunyamaza dakika kumi hajui anachofundisha.

Somo lililotupa sifa lilikuwa la jagi. Saa saba mchana, jua la Oktoba likiwa juu ya miamba, watoto wakiwa wametoka kukimbia, tuliweka mezani jagi moja la maji na kikombe kimoja. Kila mmoja apite kwa mstari na anywe kile anachoona ni haki yake. Siku ya kwanza watoto kumi na mmoja wa mwisho walikuta jagi tupu. Hatukusema kitu, tuliwaruhusu waende nyumbani. Kesho yake tuligeuza mstari. Mnaotaka kulirudia somo hili, zingatieni mambo mawili. La kwanza, msimhubirie mtoto mwenye kiu; mngoje alale nalo. La pili, msimweke mtoto mnyonge mwisho wa mstari siku ya kwanza, maana wenzake watadhani ndivyo mlivyotaka. Kosa hilo nililifanya mimi, na ilinichukua muhula mzima kumrudisha mtoto yule katika kuzungumza.

Kuna siku mvulana mmoja alinielekeza kidole dirishani, akauliza inawezekanaje maji yakakosekana na ziwa limejaa. Nilimjibu kwa habari za pampu, vichujio na mabomba yaliyozeeka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sawa, Mwalimu, lakini mtaa wa pale juu yapo.” Nilimpa pampu, yeye alikuwa ameuliza haki. Mzee Bwire aliponisikia nikisimulia, alisema bora mtoto huyo awe mkulima, kwa sababu akiwa karani atafukuzwa.

Hapo ndipo ninapopaswa kueleza jambo ambalo kila mwalimu wa umri wangu analijua na hakuna aliyeliandika katika andalio la somo. Palikuwa na zamu ya maji ya walimu. Kila asubuhi, kabla ya gwaride, wanafunzi wawili wawili wa madarasa ya juu walileta ndoo za maji kichwani mpaka kwenye nyumba zetu na kuyamimina katika mapipa. Zamu hiyo tuliikuta wenyewe tulipokuwa wanafunzi, tukaiendeleza tulipokuwa walimu. Pipa langu lilikuwa nyuma ya jiko, na halikuwahi kuwa tupu, hata wiki zile ambazo bomba la shule lilipiga mluzi siku tano mfululizo. Nilifundisha somo liitwalo “Safari ya Tone” kwa miaka miwili, nikiwauliza watoto sitini maji yao yanatoka wapi. Sikuwahi kuliuliza pipa langu.

Kabula alikuwa darasa la saba katika mwaka wangu wa pili. Jina lake katika Kisukuma ni la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na wenzake walimtania kwamba alikuja na mvua akaisahau mlangoni. Hakuwa mwepesi wa kusema; alikuwa mwepesi wa kuandika. Shule yetu ilipeleka watoto wawili au watatu sekondari za serikali kwa mwaka, na mwaka mwingine haikupeleka hata mmoja. Mwaka ule sote tulikuwa na hakika ya mmoja, naye ni Kabula. Mzee Bwire alikuwa akimbakiza baada ya masomo na kumpa maswali ya hesabu ambayo mimi mwenyewe niliyakwepa.

Mwezi Julai niliwapa insha katika daftari zao za maji, zile tulizozifunika kwa karatasi ya kaki: “Maji ya nyumbani kwetu yanatoka wapi, na yananifundisha nini?” Daftari zote zilirudi na jibu moja. Maji yetu yanatoka bombani na tunayachemsha. Walikuwa wameandika walichojua kwamba watu wazima wanataka kusoma. Nilikasirika. Nilizirudisha zote bila alama na nikasimama mbele yao nikasema maneno ambayo ningetoa mengi yasingekuwa yametoka kinywani mwangu. Niliwaambia waandike kweli, na kwamba katika somo langu hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa kusema kweli.

Kabula aliandika kweli, kurasa mbili, mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba nyumbani kwao maji hayakatiki. Baba yake alikuwa fundi bomba kiwandani Nyakato. Alipopunguzwa alikaa ndani wiki tatu, kisha akakumbuka kwamba bomba kubwa linapita nyuma ya nyumba yao, chini ya mwamba. Alichimba, akaliunganisha, akaweka koki. Mtaa mzima unachota pale, na wazee hawatoi kitu. Maji yale yanamfundisha ukarimu. Ukurasa wa pili ulisema kwamba hata walimu wanakunywa maji hayo. Bomba la shule likikauka, wa zamu wanachota kwao. Mwalimu Mkuu mwenyewe alikwenda kumwomba baba, na baba alikataa kupokea chochote, akasema walimu ni walezi.

Nilisoma yote. Nataka mlielewe hilo vizuri, kwa sababu wapo watakaonitetea kwamba nilikuwa na daftari nyingi. Nilisoma yote kwa kalamu nyekundu mkononi, na nilichoona kilikuwa hati nzuri, aya zenye mpangilio, na vituo mahali pake. Katika ukurasa wa pili nilirekebisha herufi kubwa mbili. Chini kabisa nikaandika: “Vizuri sana. Utasoma mbele ya wageni.” Tulikuwa na siku ya wazazi wiki iliyofuata, wafadhili wangekuwepo, nami nilikuwa nikitafuta insha. Nadhani huo ni ugonjwa wa kazi yetu. Mtu anaweza kusahihisha barua ya kuomba msaada na kuirudisha kwa mwenyewe ikiwa na alama nane juu ya kumi.

Siku ya wazazi Kabula alisimama katika sare iliyofuliwa vizuri, akasoma kwa sauti moja, bila haraka. Katika viti vya mbele alikaa mgeni kutoka idara ya maji, tuliyemwalika kwa sababu mradi ulikuwa wa maji. Nilimwona akiacha kujipepea. Mwalimu Mkuu naye alikuwa amesikia. Mtoto alipomaliza ukurasa wa kwanza na kugeuza karatasi, yeye aliwahi kupiga makofi, na wageni wote wakapiga. Kabula alinitazama kuuliza kama aendelee. Nilimwonyesha kwa mkono akae. Baadaye mgeni yule alikuja kumpongeza, akamuuliza, kwa upole kabisa, nyumbani kwao ni upande gani. Mtoto akamwelekeza, hadi rangi ya mlango.

Watu wa idara ya maji walikuja Jumatatu na majembe. Koki iling'olewa, shimo likafukiwa kwa zege, na Baba Kabula akachukuliwa. Mtaa mzima ulisimama na ndoo tupu kutazama. Jumanne Kabula alikuja shuleni kama kawaida na akakaa mahali pake pa kawaida. Hakuna mtoto aliyekaa naye dawati moja. Wakati wa mapumziko niliwasikia wakimwita “Redio”.

Nilimweleza Mzee Bwire kwamba nitakwenda kuonana na wakubwa wa mradi. Nilikwenda. Walisikitika sana, wakaniambia kwamba tukio hilo linaonyesha jinsi somo lilivyogusa jamii.

Kesi ilipelekwa mahakama ya mwanzo. Baba Kabula, aliyekuwa amepata dhamana kwa ndugu yake, hakukana kuunganisha bomba. Alichokisema mbele ya hakimu ni kwamba hakujificha. Kwamba watu wa serikali walijua, wakaja kwake kwa miguu yao, na walimu wa shule nzima walikuwa wakinywa maji yale kila siku. Hakimu akamuuliza ushahidi uko wapi. Akajibu kwamba mtoto wake aliandika, na Mwalimu alisoma akatia sahihi. Hakimu akaagiza mwalimu husika alete daftari, kesi itasikilizwa tena Ijumaa. Niliambiwa na watu wanaojua mambo ya mahakama kwamba hilo lilikuwa na uzito. Mtu aliyeiba kwa siri angefungwa. Mtu aliyeombwa na mwalimu mkuu, akawapa maji watumishi wa serikali bila kupokea kitu, hakimu angeweza kumwonya au kumtoza faini akaenda nyumbani kwake. Na kama baba angefungwa, kila mtu mtaani alijua kitakachofuata. Mama hangeweza kukaa mjini bila mume, wala bila maji yale. Angewachukua watoto na kwenda kwa wazazi wake Nansio, ng'ambo ya ziwa. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tano, na Kabula alikuwa amesajiliwa kwetu.

Alhamisi, saa kumi jioni, ndipo Kabula alipokuja mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Kabula. Karibu ndani.”

Hakuingia. Alisema mama amemtuma kuuliza kama kesho nitalipeleka daftari. Nikamwambia nitalipeleka.

“Na ukurasa wa pili?”

Nikamwambia ukurasa wa pili umo ndani ya daftari, utakwenda nao. Alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuondoka. Alikuwa akitazama miguu yangu.

“Mwalimu, baba aliniuliza kwa nini niliandika. Nikamwambia Mwalimu alisema tuseme kweli. Akasema hiyo ni kweli ya darasani, ya nyumbani ni nyingine. Kweli ni mbili, Mwalimu?”

Nilimwambia aende akasome, tutazungumza baada ya mtihani. Aliniaga, akashuka kwenye mawe kwa uangalifu, kama mtu mwenye ndoo kichwani.

Hazikupita dakika nyingi Mwalimu Mkuu akaja. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo nalo mlielewe. Alikuwa na watoto saba, na aliwahi kuuza baiskeli yake ili shule ipate chaki. Aliketi kwenye kigoda changu, akaomba kuliona daftari. Alisoma ukurasa wa pili mara mbili, akaona wino wangu mwekundu.

“Mwalimu,” akasema, “hili umelisahihisha wewe.”

“Nimelisahihisha mimi.”

“Basi hapa sipo peke yangu. Tupo wawili.” Alilifunga daftari, akaliweka juu ya goti. “Sikwambii udanganye. Umeambiwa upeleke daftari, peleka daftari. Mahakama haikutaja kurasa.”

Alieleza mengine kwa utaratibu, kama ratiba ya vipindi. Kwamba wakati huo serikali ilikuwa ikitafuta sababu tu ya kupunguza watu, na sisi tungewapa sababu iliyoandikwa kwa hati nzuri. Kwamba mradi ungefungwa siku hiyo hiyo, na watoto wa shule nyingine tano wangekosa somo ambalo mimi mwenyewe ninaliamini. Kwamba yule baba ameiba, na kuiba ni kuiba hata kama waliokunywa ni walimu. Alipoinuka alisema kwamba mkataba wangu na wafadhili unahitaji saini yake mwezi ujao, kisha akaongeza haraka kwamba hilo halihusiani.

Nilichukua daftari nikaenda kwa Mzee Bwire, nyumba ya tatu. Alikuwa nje akitengeneza mguu wa meza. Aliliona lililokuwa mkononi mwangu na akaweka nyundo chini.

“Usilifungue hapa,” akasema. “Ukinionyesha, nitakuwa nimeona.”

Nikamwambia sitaki kumwonyesha, nataka anishauri. Nikamkumbusha jagi na kikombe, na yote aliyonifundisha.

“Mwanangu, nimebakiza miezi mitano. Miezi mitano nastaafu narudi Majita. Mimi nimekunywa maji ya yule bwana miaka miwili, na nilijua yanatoka wapi. Wewe hukujua, angalau. Sasa unataka nikushauri nini?” Aliokota nyundo yake. “Usiniulize mimi.”

Sikuwahi kumlaumu. Nilichogundua ni kwamba watoto tuliowapitisha kwenye mstari wa jagi walikuwa wakishindana na kiu ya dakika kumi, na sisi tulikuwa tukitoa alama.

Nitawaeleza hapa yaliyotokea baadaye, ili msibaki mkijiuliza. Baba Kabula alifungwa miezi tisa. Mama aliuza vyombo na kupanda meli ya Nansio na watoto wanne. Siku ya mtihani niliketi kama msimamizi katika chumba ambacho dawati moja lilikuwa na namba na halikuwa na mtu, na kanuni zinataka karatasi iwekwe hapo hata hivyo, nikaiweka. Mwalimu Mkuu alisaini mkataba wangu. Mradi ulienda shule tano, kisha kumi na mbili, kisha fedha za wafadhili zikahamia jambo jingine. Insha ya “maji ya nyumbani kwetu” niliiondoa katika toleo la pili la kitabu, na sababu niliyoandika ni ufinyu wa nafasi. Ninyi mmeiona katika nakala za zamani na mkaniambia ni zoezi zuri, mnataka kulirudisha. Ndiyo maana ninaandika.

Miaka kumi na moja baadaye nilikwenda Nansio kwa semina ya walimu. Sokoni mwanamke aliyekuwa akipanga dagaa kwenye turubai aliinua uso, akaniamkia, “Shikamoo, Mwalimu Kokushubila,” kwa sauti ile ile moja. Nilimuuliza habari za wazazi. Akasema baba alishafariki, mama yupo. Nikanunua dagaa. Akanifungia katika karatasi, akaongeza kiganja kimoja juu kama wanavyofanya kwa mteja wanayemheshimu, na hakuniuliza kitu chochote.

Ule usiku wa Alhamisi hauna simulizi, nililala. Hilo nalo huwa linanishangaza.

Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na mbili. Nilikaa mezani na daftari, nikachukua kisu kidogo cha kumenyea ndizi na kwa ncha yake nikanyanyua pini mbili za katikati. Mwalimu yeyote anajua kwamba karatasi ya daftari haichanwi moja; ukiitoa upande huu, pacha wake upande ule hulegea na kuanguka, na mtu akihesabu ataona. Kwa hiyo nilizitoa zote mbili. Katika ile pacha Kabula alikuwa amechora ziwa na kulipaka buluu ya kufulia nguo. Katika karatasi ya insha, ukurasa wa kwanza na wa pili ziligawana mgongo mmoja, na mahakama ingeutafuta ule wa kwanza. Basi nilichukua karatasi safi pamoja na pacha wake kutoka daftari jingine la aina ile ile, nikauandika upya ukurasa wa kwanza kwa kuiga hati yake, ambayo niliijua kama yangu, na nyuma yake nikaacha patupu. Alama na maneno yangu mekundu niliyahamishia chini ya ukurasa wa kwanza. Nikapanga karatasi, nikakunja pini mahali pake. Zile nilizotoa nilizitia katika jiko la mkaa.

Saa mbili nilikuwa mahakamani. Baba Kabula alikuwa amekaa kwenye benchi nje, amevaa shati la kiwandani lililopigwa pasi. Nilimwamkia. Aliitikia, akasogea kunipa nafasi.

“Umekuja, Mwalimu,” akasema. “Sasa hakimu ataona.”

Karani aliniita jina. Alilipokea daftari, akaligeuza, akafunua insha, akasoma kidogo huku akisogeza midomo, akafunua nyuma yake, akaniangalia.

“Mwalimu, hili ndilo daftari lote?”

“Ndilo lote,” nikasema, nikatia saini mahali aliponionyesha.